Je, Wafu Wetu Wanadai Damu?
Somo kutoka kwa magladiatori wa Roma



Wengi wetu tunalijua neno "gladiatori" kwa sababu ya sinema. Ile ya mwaka 2000, iliyochezwa na Russell Crowe, vijana waliokuwa wakienda kwenye vibanda vya video wanaikumbuka mpaka leo. Ukimwuliza kijana gladiatori ni nani, atakujibu: ni shujaa wa zamani, mtu mwenye kifua na mikono ya chuma, hodari wa upanga. Jibu hilo si la uongo, ila limeacha nje jambo kubwa kuliko yote. Gladiatori hakuanzia uwanjani. Gladiatori alianzia matangani.

Hiyo ndiyo sababu tumeona vema kuliandika jambo hili katika jarida letu. Sisi tunaokaa makazini ni watu wenye matanga ambayo hayajaanuliwa. Tangu shambulio la kwanza la Mocímboa da Praia, tarehe 5 Oktoba 2017, mpaka Palma ilipovamiwa tarehe 24 Machi 2021, na baada ya hapo pia, kuna wafu tuliowaacha njiani, msituni na mikokoni. Wengine hatukuwazika. Wengine hatujui hata walipolala. Na mtu ambaye hakumzika mtu wake hubaki na deni moyoni, linamwamsha usiku.

Swali letu ni hili: deni hilo ni la nini? Wafu wetu wanatudai kitu gani? Warumi wa kale walilijibu swali hilo kwa namna yao, na jibu lao liliwagharimu watu wengi sana. Tuliangalie.

NENO NA ASILI YAKE

Katika Kilatini, lugha ya Warumi, gladius ni upanga. Gladiatori basi ni mtu wa upanga. Lakini lile pambano lenyewe Warumi walikuwa na jina lake, nalo ni munus. Maana yake ni wajibu, na tena ni zawadi: kitu ambacho mtu anapaswa kukitoa, na asipokitoa ataonekana hana heshima.

Kitu hicho alitolewa nani? Alitolewa marehemu. Pambano la kwanza katika mji wa Roma ambalo waandishi wa kale wametuachia habari zake lilikuwa mwaka 264 K.K. Mzee mmoja wa ukoo mkubwa, Junius Brutus Pera, alikuwa amefariki. Wanawe wakataka kumpa baba yao heshima inayomstahili. Wakaleta jozi tatu za watu, wakawapiganisha kwa silaha katika soko la ng'ombe, watu wakitazama. Jozi tatu ni watu sita tu. Hivyo ndivyo jambo lilivyoanza mjini Roma.

Desturi hiyo Warumi waliikuta kwa majirani zao. Waandishi wengine wa kale walisema ilitoka kwa Waetruski, upande wa kaskazini. Wengine waliwataja watu wa Campania, upande wa kusini. Na huko kusini, mahali paitwapo Paestum, yamepatikana makaburi ya karne ya 4 K.K. yaliyochorwa picha za watu wakipigana kwa heshima ya maiti. Wataalamu wanabishana bado juu ya mahali ilipoanzia. Lakini mlango ulioiingiza Roma ni mazishi.

Aliyelieleza jambo hili waziwazi ni Mwafrika mwenzetu, Tertullian, Mkristo wa mji wa Carthage katika nchi inayoitwa leo Tunisia. Yapata mwaka 200 B.K. aliandika kitabu kizima juu ya michezo ya Warumi. Anaeleza kwamba watu wa zamani waliamini kuwa roho za wafu hutulizwa kwa damu ya binadamu. Kwa hiyo siku ya mazishi walikuwa wakiwaua mateka, au watumwa wasiokuwa na thamani kubwa sokoni. Baadaye wakaona ni afadhali ukatili huo upambwe. Badala ya kumchinja mateka amefungwa, wakampa silaha, wakamfundisha kupigana, halafu siku ya matanga ikifika auawe mbele ya kaburi huku watu wakifurahi. Yaani mtu alifundishwa kazi ili apate kufa vizuri.

Kwa maelezo ya Tertullian, basi, pambano la magladiatori ni kafara ya binadamu iliyovalishwa nguo za mchezo.

DENI LISILOJAA

Deni la damu lina tabia moja: halijai. Tazameni hesabu. Mwaka 264 K.K. zilikuwa jozi 3. Mwaka 216 K.K., katika mazishi ya mkubwa mmoja aitwaye Lepidus, zilikuwa jozi 22, nao walipigana siku tatu. Mwaka 183 K.K. zilifika jozi 60. Kila ukoo haukutaka matanga yake yaonekane madogo kuliko ya ukoo wa jirani. Sisi tunaijua tabia hiyo, maana hata kwetu wako watu waliouza chombo au kukopa fedha ili msiba wao usichekwe.

Mwaka 65 K.K. Julius Caesar alitangaza mapambano ya jozi 320 kwa ajili ya kumkumbuka baba yake. Baba huyo alikuwa amekufa miaka 20 nyuma. Je, uchungu wa baba ulimzidi baada ya miaka 20? Hapana. Caesar alikuwa ameshika cheo cha mji na alitaka vyeo vikubwa zaidi, naye alijua watu humpenda anayewapa tamasha. Hata baraza la wazee likaogopa kuona watu wengi wenye silaha mikononi mwa mtu mmoja, likaweka kikomo cha idadi yao.

Baada ya hapo wakaja makaisari. Mwaka 80 B.K. Kaisari Titus alifungua ule uwanja mkubwa wa Roma uitwao Colosseum kwa michezo ya siku 100. Mwaka 107 Kaisari Trajan, aliporudi kutoka vita vya Dacia, alifanya michezo ya siku 123. Mwanahistoria Cassius Dio anasema walipigana magladiatori 10,000 na wakauawa wanyama 11,000. Hapo tena hakuna aliyekuwa akimlilia maiti. Marehemu alikuwa ufunguo wa mlango tu. Mlango ulipokwisha kufunguka, alisahauliwa.

Ndugu zangu, hapa tusimame kidogo. Ni mara ngapi tumewasikia watu wakiwaita vijana kwenda kuua kwa kuwataja wafu? "Wameua ndugu zetu, twendeni." Wale wa msituni husema hivyo. Na wa upande mwingine husema hivyohivyo. Anayesema huanza kwa machozi ya kweli, lakini tuangalie anakoishia. Je, bado analia, au sasa anatafuta cheo, fedha na mali ya watu?

NANI ALIYELIPA?

Wale watu sita waliopigana katika mazishi ya Brutus Pera hawakuwa wamemwua Brutus Pera. Hawakumkosea neno. Wanawe walikuwa na deni kwa baba yao, nao wakalilipa kwa watoto wa watu wengine.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku zote. Magladiatori wengi walikuwa mateka wa vita, watumwa na wafungwa. Baada ya Yerusalemu kuanguka mwaka 70 B.K., maelfu ya Wayahudi walichukuliwa mateka. Mwanahistoria Josephus, naye Myahudi, anasema kwamba huko Kaisaria, Titus alipoadhimisha siku ya kuzaliwa ya ndugu yake, mateka zaidi ya 2,500 walikufa kwa kupiganishwa na wanyama, kupiganishwa wao kwa wao, au kuchomwa moto. Fikirini maana yake: watu waliokwisha kupoteza mji wao, nyumba zao na hekalu lao, wakapewa panga ili wamalizane, kusudi mtu mwingine afurahie siku yake.

Wako pia waliojiuza kwa hiari, kwa sababu ya njaa au madeni. Hao waliapa kiapo kwamba wanakubali kuchomwa, kufungwa, kupigwa na kuuawa kwa chuma. Kiapo cha namna hiyo Warumi walikiita sacramentum. Ni neno lilelile ambalo Wakristo walikuja kulichukua wakaita sakramenti. Neno moja, lakini bwana mmoja aliwataka watu wamwage damu yao kwa ajili yake, na Bwana mwingine aliimwaga yake kwa ajili yao.

Magladiatori walitunzwa, lakini walitunzwa kama mbuzi wa sikukuu. Huko Efeso, mji ambao tunausoma katika Matendo ya Mitume, mwaka 1993 yaligunduliwa makaburi yao. Wataalamu waliichunguza mifupa, wakaona kuwa watu hao walikula sana nafaka, hasa shayiri, pamoja na maharage, na kuwa majeraha yao mengi yalitibiwa vizuri. Galen, tabibu mashuhuri wa zamani, alianza kazi yake kwa kuwatibu magladiatori wa Pergamo. Mwenye mali huitunza mali yake. Uwanjani gladiatori alishangiliwa na jina lake likaandikwa ukutani. Nje ya uwanja alihesabiwa mtu wa aibu kisheria, pamoja na makahaba. Hata akipewa uhuru wake, aibu ile ilimfuata.

Wapo waliokataa. Mwaka 73 K.K. magladiatori kama 70 walitoroka kutoka shule yao huko Capua wakiwa na visu na vyuma vya jikoni tu. Kiongozi wao alikuwa Spartacus. Watumwa wengi waliwafuata, na vita vikaendelea mpaka mwaka 71 K.K., ambapo 6,000 kati yao walitundikwa misalabani kando ya barabara ya kutoka Capua mpaka Roma. Na mwaka 393 B.K., mkubwa mmoja wa Roma aitwaye Symmachus alinunua mateka wa kabila la Wasaksoni kwa ajili ya michezo ya mwanawe. Mateka 29 walijiua kifungoni kabla ya kuingia uwanjani. Barua ya Symmachus ipo mpaka leo. Analalamika, lakini halalamiki kwa ajili yao. Analalamika kama mfanyabiashara aliyeharibikiwa na bidhaa.

Wapendwa, habari hizi hazitoki mbali kama tunavyodhani. Mwezi Aprili 2020, huko Xitaxi katika wilaya ya Muidumbe, vijana 52 waliuawa. Polisi walisema waliuawa kwa sababu walikataa kujiunga na kundi lile. Na mwaka 2021 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi wavulana, wengine wenye miaka 12, walivyotekwa, wakafundishwa silaha kambini, wakapelekwa kupigana. Wazazi wa Palma walisema waliwaona watoto wao wenyewe miongoni mwa waliouvamia mji, wakiwa na bunduki mkononi. Hebu mzazi afikirie hilo. Anamkimbia mshambuliaji, anageuka, anaona ni mwanawe.

Baadhi ya watoto hao wametoroka au wameokolewa, wakarudi kwa ndugu zao. Tunawapokeaje? Tunajua yanayosemwa kisimani na kwenye foleni ya chakula: "Yule alikuwa msituni. Usimwache mtoto wako acheze naye." Aibu ya gladiatori inamfuata mpaka makazini.

Hatusemi kwamba aliyeshika silaha hana la kujibu. Wapo waliolazimishwa mwanzoni, na baadaye wakaonja nguvu ya kuua wakaipenda. Kila mtu ataulizwa kwa kadiri ya uhuru aliokuwa nao. Lakini tangu zamani Kanisa linafundisha kwamba hofu na kulazimishwa hupunguza hatia, na pengine huiondoa kabisa. Mtoto aliyeambiwa "ua au uuawe" hawezi kuwekwa mizani moja na aliyemwambia maneno hayo.

Kuna habari moja ya mashahidi wa Afrika ambayo inafaa tuisome tena. Tarehe 7 Machi mwaka 203, huko Carthage, Perpetua na Felicitas walitolewa uwanjani pamoja na wenzao. Perpetua alikuwa mama kijana, ana mtoto anayenyonya. Felicitas alikuwa mtumwa, amejifungua gerezani. Tunazoea kuwatazama wao wawili. Lakini mwandishi wa habari zile ametaja mtu mwingine: gladiatori aliyetumwa kummaliza Perpetua. Alikuwa mwanagenzi, na mkono wake ulitetemeka. Pigo la kwanza halikufika mahali pake. Perpetua aliushika ule mkono unaotetemeka, akauelekeza mwenyewe shingoni mwake. Katika uwanja mzima wenye maelfu ya watu, huenda ni yeye peke yake aliyeona kwamba na mwenye upanga pia alikuwa mtoto wa mtu.

WALIOKAA VITINI

Sasa tufike kwa watu ambao sinema huwapita haraka: watazamaji. Colosseum iliweza kuchukua watu kama 50,000. Katika Afrika Kaskazini viko viwanja vya namna hiyo mpaka leo. Ule wa El Jem, Tunisia, bado umesimama. Aliyepigana hakuchagua kuwepo. Aliyekaa kitini alichagua. Kama viti vingekuwa vitupu, Caesar asingepoteza fedha zake.

Seneca, mwanafalsafa wa Roma, hakuwa Mkristo, lakini alisema ukweli. Alikwenda uwanjani saa za mchana, akaona wafungwa wakiuawa bila hata ngao ya kujikinga. Akamwandikia rafiki yake kwamba alirudi nyumbani akiwa mkatili zaidi kuliko alivyotoka.

Mtakatifu Augustino naye ametuachia habari za rafiki yake Alypius, kijana wa Thagaste, katika nchi ya Algeria ya leo. Alypius alikwenda Roma kusoma sheria. Michezo ile aliichukia. Siku moja wenzake wakamburuta mpaka uwanjani. Akawaambia kwamba mwili wake watauleta, lakini roho yake hawataipata. Akakaa amefumba macho. Mara mpiganaji mmoja akaanguka na watu wakapiga kelele. Alypius akafumbua macho kidogo tu aone ni nini. Augustino anasema kijana yule aliumia rohoni kuliko yule aliyeanguka. Alikunywa ukatili ule kama pombe, akashangilia, na baadaye akawa yeye ndiye anayewavuta wengine. Miaka ikapita, Mungu akamtoa huko, akawa askofu wa mji wake. Lakini iliyomwangusha ni nukta moja tu ya kutazama.

Je, kutazama mashindano yote ni dhambi? Hapana. Kisiwani Pemba, Zanzibar, kuna mchezo wa ng'ombe ambao husemwa kuwa ulitokana na Wareno. Watu hukusanyika, wanawake huimba, vijana humchezea fahali, na ng'ombe mwenyewe hauawi. Jioni anarudishwa kwa mwenyewe. Mpira nao tunaupenda, ni furaha halali. Tofauti iko hapa: furaha yangu inahitaji nini kwa mwenzangu? Kama inahitaji ashindwe, basi kesho atashinda yeye. Kama inahitaji afe, hiyo si furaha tena.

Leo hatuna Colosseum. Tuna simu. Picha za watu wanaokatwa vichwa, maiti barabarani, watu wanaopigwa risasi, hupita kutoka simu moja hadi nyingine, na watoto wanachungulia begani. Mwezi Septemba 2020 dunia nzima iliona video ya mwanamke asiye na nguo, anayekimbia barabarani karibu na Awasse, akipigwa na kisha kumiminiwa risasi na watu waliovaa sare za kijeshi. Serikali ilikana kuwa walikuwa askari wake. Shirika la Amnesty International lilisema walikuwa wao. Ubishi huo ulikuwa na haki yake, na ushahidi wa ovu lazima uwafikie wanaochunguza. Lakini wangapi waliitazama mara ya pili, na ya tatu, na kumtumia rafiki, bila kusudi lolote? Mama yule alivuliwa nguo mara moja barabarani. Kila anayemtazama kwa kujifurahisha anamvua tena.

Waswahili husema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Yule anayeonekana kwenye simu yako ana mama, na pengine mama huyo yuko makazi ya jirani, bado anamngoja.

HAKI NA KISASI

Mama mmoja anaweza kutuambia: "Ninyi mnaandika tu. Mimi mume wangu alichinjwa nikiwa nimejificha mihogoni. Mnataka nifunge mdomo?" Mama, hatukuambii ufunge mdomo. Damu ya Habili ililia kutoka ardhini, na Mungu hakuiambia inyamaze. Alimwuliza Kaini. Lakini aliyeulizwa ni Kaini. Hakuulizwa jirani yake, wala mtu wa lugha yake, wala mtoto wake. Kisha Mungu akamtia Kaini alama, ili mtu yeyote asimwue.

Hapo ndipo haki inapoachana na kisasi. Haki humtafuta aliyetenda. Kisasi huridhika na yeyote wa upande ule. Haki humpa mtu nafasi ya kujitetea mchana kweupe, na mashahidi waje. Kisasi huja usiku. Haki ina siku ya kwisha, hukumu ikitoka imetoka. Kisasi kilianza na jozi tatu kikafika siku 123. Tudai haki, tutoe ushahidi, tuwataje waliotenda. Lakini tusimlipishe asiyedaiwa.

Na ni nani asiyedaiwa? Ni jirani yetu Mwislamu ambaye naye alichomewa nyumba, na ambaye ndugu zake waliuawa na watu walewale. Ni Mmwani wa pwani ambaye Mmakonde anamtazama kwa jicho la shaka kwa sababu ya lugha yake tu. Na ni Mmakonde ambaye Mmwani anamwogopa kwa sababu hiyohiyo. Mwishoni mwa mwaka 2022 waliohama makwao katika vita hivi walizidi milioni moja. Walikuwa wa dini zote na lugha zote za jimbo letu. Anayeanza kuwapanga watu hao jozi jozi, huyu dhidi ya yule, anajenga uwanja.

JINSI MICHEZO ILIVYOKWISHA

Mwaka 325 Kaisari Constantine alitoa amri kuwa hapendezwi na michezo ya damu, na kwamba wahalifu wapelekwe migodini badala yake. Amri ilitoka, michezo ikaendelea, kwa sababu viti bado vilikuwa vimejaa, na miongoni mwa waliokaa walikuwamo Wakristo. Askofu Theodoret, aliyeandika katika karne ya 5, anasimulia habari za mtawa mmoja aitwaye Telemachus. Alitoka nchi za mashariki akaja Roma, akaingia uwanjani akajaribu kuwazuia wapiganaji. Watazamaji walikasirika kwa sababu ameharibu starehe yao. Wakampiga mawe mpaka akafa. Kaisari Honorius aliposikia, akayapiga marufuku mapambano hayo. Angalieni ni nani waliomwua. Si magladiatori. Ni watu waliokaa vitini.

TUWALIPE NINI WAFU WETU?

Turudi kwenye lile neno munus, maana lina pande mbili. Warumi walishika upande wa damu. Lakini maana yake nyingine ni zawadi, na upande huo uko wazi kwetu.

Wafu wetu tunawadai na wanatudai, hilo ni kweli. Wanatudai majina yao yatajwe. Kila familia iandike majina ya watu wake, mahali walipofia na siku yake kama inajulikana, iyalete kanisani yasomwe katika ibada. Karatasi hiyo itafaa sala, na siku moja itafaa mahakama. Wanatudai watoto wao wale na wasome. Bakuli la uji kwa yatima ni sadaka inayomfikia baba yake. Wanatudai tusimulie walivyoishi, maana mtoto akisikia tu jinsi babu alivyokufa, bila kusikia babu alivyovua samaki na alivyocheka, atakua akidhani babu alikuwa jeraha. Na kama Mungu atajalia siku ya kurudi, wanatudai tukawazike, na waliozikwa haraka tukaweke misalaba.

Deni hilo tunalipa kwa mikono yetu wenyewe. Halilipwi kwa mtoto wa mtu mwingine.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Katika familia yetu kuna mtu ambaye hatukumzika. Tumefanya nini kumkumbuka, na tungependa kufanya nini?

2. Kijana aliyetekwa akarudi, jumuiya yetu itampokeaje? Nani atakwenda kumsalimu kwanza?

3. Picha za mauaji zikifika kwenye simu zetu, tunazifanyia nini? Tumekubaliana nini na watoto wetu?

4. Ni jirani gani wa dini au lugha nyingine ambaye tunaweza kumwalika siku tutakaposoma majina ya wafu, ili naye alete ya kwake?